Kansa ya ngozi inaweza kutokea sehemu isiyopigwa na jua? Mzee wangu ana doa unyayoni

kitindamimba ameandika:

Habari zenu wakuu, naombeni mawazo maana hapa nyumbani tumegawanyika. Mzee wangu ana miaka 63, chini ya unyayo wa kushoto karibu na kisigino ana doa jeusi ambalo mwenyewe anasema lipo kama miaka miwili, sisi watoto tumeliona juzi tu akiwa amejilaza miguu kaiweka juu ya stuli. Mimi nilidhani kakanyaga lami, nikachukua kitambaa chenye maji nikafuta, halitoki. Nikawasha tochi ya simu nikaangalia vizuri, ni kubwa kama kifungo cha shati, upande mmoja jeusi tii upande mwingine kahawia iliyofifia, na ukingo wake haujatulia, umechongokachongoka kama wino uliodondokea karatasi. Halimuumi, haliwashi, halitoi damu.

Yeye anasema ni sugu. Kila akitoka kuoga analikwangua na wembe, na kuna kipindi alipewa dawa ya kupaka ya fangasi akapaka miezi mitatu hakuna kilichobadilika. Tukamlazimisha kwenda kwa daktari wa ngozi, akaliangalia na kile kilensi chenye taa alafu akasema anataka kukata kinyama kipelekwe maabara sababu anashuku kansa ya ngozi. Mzee kagoma palepale. Anasema "kansa ya ngozi inaletwa na jua, unyayo wangu umeona jua lini, mimi maisha yangu yote nimevaa viatu vya kufunika". Na kaka yangu mkubwa nae kaongeza moto, anasema kansa ikishaguswa na kisu inasambaa, bora iachwe.

Kwahiyo maswali yangu ni mawili tu, inawezekana kweli kansa ya ngozi ikaota mahali jua halifiki? Na hii ya kisu kusambaza ina ukweli?

---

nesi_wa_kliniki amejibu:

Pole mkuu. La kwanza jibu ni ndiyo, inatokea, na unyayo ni moja ya sehemu zake kabisa. Mimi ni nesi, kliniki ya ngozi huu mwaka wa tisa, mzee wako sijamuona kwahiyo siwezi kusema ana nini, ila kwa ulivyoelezea, rangi mbili, ukingo umechongoka, lipo mguu mmoja tu na halijaondoka miaka miwili, hata mimi ningetaka likatwe lipimwe haraka.

Watu wengi wana nusu ya habari, na hiyo nusu ni ya kweli. Jua linaharibu ngozi na kansa nyingi za ngozi duniani zinatokana nalo, hasa kwa watu weupe na ndugu zetu wenye ualbino. Lakini kansa ya ngozi siyo ugonjwa mmoja. Kuna seli zinazotengeneza rangi ya ngozi zinaitwa melanosaiti, hizo zimesambaa mwili mzima, unyayoni zipo, kiganjani zipo, chini ya kucha, mdomoni kwa ndani, puani, sehemu za siri, mpaka ndani ya jicho. Zikianza kuzaliana bila kujizuia ndo tunapata melanoma. Na seli inaweza kukosea yenyewe tu wakati inajigawa, ikanakili vinasaba vyake vibaya, kosa juu ya kosa kwa miaka, wala jua halikuhusika. Wanasayansi wamechunguza vinasaba vya hizi melanoma za unyayoni na kwenye kucha, mara nyingi ile alama ya uharibifu wa jua hawaikuti au wanaikuta kidogo sana, wanachokuta ni kromosomu (zile nyuzi zinazobeba vinasaba) zimekatikakatika na vipande vimejirudiarudia. Hii ni njia nyingine kabisa ya kufika kwenye kansa. Wengine wanashuku pia ule mgandamizo wa kukanyaga kila siku, maana madoa haya yanapenda sana kisigino na ile sehemu ya mbele inayobeba uzito.

Alafu hapa watu huwa wananielewa vibaya naomba niseme taratibu. Melanoma ya unyayoni ni adimu kwa watu wote, mweupe au mweusi inakaribiana tu. Ila kwa sababu ngozi nyeusi ina kinga nzuri dhidi ya melanoma ya jua, basi mtu mweusi akipata melanoma mara nyingi inakuwa hii ya unyayo, kiganja au ukucha. Na kwa kuwa kila mtu kakariri kwamba mweusi hapati, inachelewa kuonekana, inaitwa sugu, inaitwa fangasi, inaitwa chunjua, inaitwa kidonda cha sukari. Nimeona watu wanaletwa kinena kimeshajaa mitoki mikubwa kama yai na mguuni doa bado hata haliumi. Hicho kitu cha kutouma ndo kinaniumiza roho, maana watu wanasubiri maumivu ndo waje.

Kuhusu kisu, hapana. Kukata kinyama hakusambazi melanoma. Naelewa huu usemi ulikotoka, mtu amekaa na uvimbe miaka minne, anakuja umeshatembea hadi kwenye mapafu, anakatwa kinyama, miezi mitatu baadae amefariki, ndugu wanahesabu kuanzia siku ya kisu. Hawahesabu ile miaka minne.

Na tafadhali, wembe mwambieni auache leo. Maabara wanachopima kwenye melanoma ni unene kwa milimita, kutoka juu ya ngozi mpaka pale seli za mwisho zilipofika chini, na huo unene ndo unaamua nyama ikatwe upana gani, kama tezi za kinena zipimwe, kila kitu. Akiendelea kuparua anaondoa tabaka la juu alafu kipimo kinakuja kifupi kuliko ukweli wenyewe. Anaweza pia kutengeneza kidonda ambacho mpimaji hatajua kama ni cha wembe au ni cha ugonjwa.

---

mama_wawili amejibu:

Nimesoma nikatetemeka. Naomba nichangie ingawa kwa mama yangu ilikuwa siyo doa, ilikuwa kovu.

Mama aliungua na maji ya moto akiwa na miaka tisa, mguu wa kulia kuanzia juu ya kifundo mpaka katikati ya muundi, akabaki na kovu lile linalong'aa na kuvutana. Alikuwa analificha, maisha yake yote sketi ndefu, hilo kovu jua halijawahi kuliona. Amefika miaka 54 likapasuka katikati, kakidonda kadogo kama ka kujikwaa. Tukasafisha, tukafunga, hakaponi. Tulienda mahali tukapewa vidonge vya antibayotiki, tukarudi tukapewa vingine, kila baada ya siku moja anabadilishwa bandeji, hivyo hivyo miezi saba. Hakuna hata siku moja mtu alisema tukate kinyama tupime. Mimi ndo nilikuwa namfunga, na nakumbuka vitu viwili ambavyo leo najua vilikuwa vinatuambia kitu: kingo za kidonda zilikuwa zimenyanyuka na kugeukia nje kama midomo, ngumu ukizigusa, na harufu ilibadilika ikawa nzito ambayo hata nikisafisha na maji ya chumvi bado ipo chumbani. Siku daktari mmoja kijana alipofungua bandeji akanyamaza, akaita mwenzake.

Ilikuwa kansa ya skwamasi, yaani ya zile seli bapa za tabaka la juu la ngozi, wakasema ikiota kwenye kovu la zamani au kidonda sugu inaitwa kidonda cha Marjolin, jina la daktari wa Ufaransa aliyeandika kuhusu vidonda hivyo mwaka 1828. Wakatuambia mara nyingi inachukua miongo kadhaa tangu kuungua mpaka kansa kutokea, kwa mama ilikuwa miaka 45. Kwa kuwa ilishaingia kwenye mfupa walimkata mguu chini ya goti. Huu mwaka wa sita yupo, anatembea na mguu wa bandia, ila nawaambia ile miezi saba ya bandeji ninaijutia mpaka leo.

@kitindamimba mwambie mzee kukatwa kinyama ni sindano ya ganzi na nyuzi chache. Mama angefanyiwa hivyo mwezi wa pili angekuwa na mguu wake.

---

Fundi_Bomba amejibu:

Mimi sibishi ila nauliza kwa nia njema, kama siyo jua sasa inaletwa na nini? Maana kila tangazo linasema jua jua jua, leo mnasema mpaka kovu.

---

msomaji_usiku amejibu:

@Fundi_Bomba swali zuri na la ajabu ni kwamba kansa ya kwanza kabisa kuhusishwa na kazi ya mtu ilikuwa ya ngozi na ilikuwa mahali ambapo jua halifiki hata kwa bahati mbaya. Mwaka 1775 daktari wa upasuaji wa London, Percivall Pott, aliandika kuhusu vijana wanaofagia dohani, yale mabomba ya kutolea moshi kwenye nyumba. Walikuwa wanaanza kazi watoto wadogo, wanaingizwa ndani ya dohani nyembamba, masizi yanaingia kwenye mikunjo ya ngozi ya mfuko wa pumbu yanakaa humo miaka bila kuoshwa, wakiwa watu wazima wanatokwa na vidonda vya kansa hapohapo. Watu walikuwa wanadhani ni ugonjwa wa zinaa. Pott ndo akasema ni masizi.

Kuna Kashmir, kaskazini mwa India na Pakistan, kule baridi kali watu wanabeba chungu cha makaa ndani ya kikapu kinaitwa kangri, wanakiweka chini ya joho kikigusa tumbo na mapaja, basi kansa ya ngozi inaota tumboni na mapajani, joto la kila siku miaka na miaka. Kuna sumu ya arseniki kwenye maji ya visima, Bangladesh na Taiwan wameteseka nayo sana, mtu anakunywa tu, baada ya miaka viganja na nyayo vinaota vipele vigumu kama punje, na kansa inaweza kutokea mgongoni au tumboni alikofunikwa na nguo. Kuna mionzi, wale wa mwanzo waliofanya kazi na eksirei waliharibika mikono, msaidizi wa mvumbuzi Thomas Edison aliyeitwa Clarence Dally alikatwa mikono na akafariki mwaka 1904.

Kwahiyo ukiangalia, ngozi inachokichukia ni kuumizwa palepale muda mrefu, na jua ni moja tu ya vitu vinavyoumiza. Ingawa hii melanoma ya unyayoni ya mzee sidhani kama unaweza kuinyooshea kidole kitu kimoja hivyo.

---

nesi_wa_kliniki amejibu:

@msomaji_usiku ongeza virusi. Virusi vya papiloma, HPV, ndo hao hao wa kansa ya mlango wa kizazi, wanaweza kuleta kansa ya ngozi kwenye uke kwa nje, uume, kuzunguka tundu la haja kubwa, na mara nyingine pembeni ya ukucha. Na mwenye kinga iliyoshuka, awe amepandikizwa figo anakunywa dawa za kushusha kinga au anaishi na VVU, hatari inapanda zaidi.

---

Jina limefichwa ameandika:

Naandika bila jina mnisamehe. Mimi ni mwanamke wa miaka 58, nina muwasho huku chini kwa nje miaka mingi, ngozi imekuwa nyeupe nyembamba kama karatasi, nimetumia dawa za fangasi mpaka nimechoka. Siku hizi kuna sehemu imekuwa ngumu na inachanika. Naona aibu kuonyesha. Ni kitu cha kuangaliwa?

---

nesi_wa_kliniki amejibu:

Ndiyo mama yangu, na nakuomba wiki hii isipite. Weupe wa aina hiyo unaowasha mara nyingi ni ugonjwa wa ngozi unaotibika kwa krimu maalum, siyo kansa, ila kwa wachache unaweza kubadilika kuwa kansa na dalili yake ni hiyohiyo, sehemu inakuwa ngumu au kidonda kisichofunga. Omba uangaliwe na daktari mwanamke kama itakupa wepesi, una haki hiyo. Ukifika sema neno moja kwa moja, "kuna sehemu imekuwa ngumu", usiseme muwasho tu, maana ukisema muwasho utapewa dawa ya fangasi tena.

---

dada_kucha amejibu:

Jamani mmenitisha. Mimi nina mistari ya kahawia kwenye kucha za mikono, karibu vidole sita, inaanzia kwenye nyama inakwenda mpaka ncha. Ngozi yangu ni nyeusi. Nina miaka 36. Nikatafute daktari usiku huu?

---

nesi_wa_kliniki amejibu:

Lala dada. Mistari kwenye kucha nyingi kwa mtu mweusi ni kawaida sana, inaongezeka na umri, mama yako akiangalia za kwake huenda anayo pia. Tunachoogopa ni ukucha MMOJA, hasa gumba la mkono au la mguu, mstari ambao haukuwepo ukaja ukubwani, unapanuka, upande wa chini karibu na nyama ni mpana kuliko kwenye ncha, rangi zimechanganyika, ukucha unaanza kupasuka au kuliwa. Na zaidi ya yote rangi ikivuka ukucha ikaingia kwenye ngozi inayouzunguka, hiyo inaitwa alama ya Hutchinson, ukiiona usingoje.

Mtu akigongwa damu inavilia chini ya ukucha nayo inakuwa nyeusi, watu wanachanganya. Tofauti ni kwamba damu inasogea. Ukucha wa mkono unakua kama milimita 3 kwa mwezi, wa mguu karibu nusu ya hapo, kwahiyo lile doa linasukumwa mbele na nyuma yake unaona ukucha msafi unakuja. Piga picha leo, piga baada ya mwezi, linganisha. Lisiposogea, nenda.

Bob Marley kilichomuua ni hiki hiki. Doa lilikuwa chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu, likachukuliwa ni jeraha la mpira wa miguu, ilipojulikana mwaka 1977 kuwa ni melanoma alishauriwa kukatwa kidole hakukubali, ikasambaa mpaka kwenye ubongo, akafariki tarehe 11 Mei 1981 ana miaka 36. Sikuambii kukutisha dada, wa kwako ni vidole sita na hiyo inanipa amani.

---

kitindamimba amejibu:

Wakuu asanteni sana. Jana usiku nilimsomea mzee uzi wote kwa sauti, kaka nae alikuwepo. Ile ya mama wa @mama_wawili alisikiliza bila kusema kitu. Tulipofika pale pa wembe akanisimamisha, akasema "rudia hapo". Nikarudia. Akauliza, "kwahiyo mimi ndo nimekuwa namharibia daktari kipimo chake?" Kesho yake asubuhi wembe nimeukuta umetupwa na yeye ameshavaa viatu ananisubiri.

---

kitindamimba amejibu:

Narudi na majibu, zimepita wiki mbili na nusu. Walimpiga ganzi wakakata kipande, alilalamikia sindano tu maana unyayo unauma jamani, kukatwa kwenyewe hakusikia.

Ni melanoma. Unene milimita 0.8, na hakuna kidonda juu yake. Daktari anasema bado ni nyembamba, atafanyiwa upasuaji kukata pembeni sentimita moja kuzunguka pote, wataziba kwa ngozi ya kupandikiza kutoka pajani, na wanajadiliana kama watoe tezi moja ya kinena waipime kwa usalama kwa sababu unene upo pale mpakani. Kaka yangu ndo atakaempeleka siku ya upasuaji, amejitolea mwenyewe.

@nesi_wa_kliniki nisaidie, atakaa muda gani bila kukanyaga?

---

nesi_wa_kliniki amejibu:

Nimefurahi sana mkuu, 0.8 ni namba ninayoipenda. Kisigino kikipandikizwa ngozi ni wiki kadhaa bila kukikanyaga, tafuteni magongo kabla ya siku yenyewe na ajifunze kutembea nayo sasa hivi mguu ukiwa mzima, wazee wengi wanaanguka kwa kujifunzia siku ya kutoka wodini. Huko mbele kwenye kliniki za marudio hakikisheni wanamshika kinena kutafuta mitoki, wakisahau kumbusheni.

Na mguu wa kulia mmeuangalia? Katikati ya vidole je?

---

kitindamimba amejibu:

Tumeangalia jana jioni, mimi nimeshika tochi, kaka kashika kioo ili na yeye mwenyewe aone. Kidole kimoja kimoja. Kuna ufa mdogo kwenye kisigino na alama ya zamani ya msumari, basi. Alafu akasema na sisi tuvue viatu.